Shule ya binti yangu inaleta msaada mtaani kwetu, na jina langu limo kwenye orodha

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mukuru Kayaba, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Mume wangu alifariki, kwa hiyo nawalea peke yangu. Asubuhi nauza chapati na maharagwe kwa vibarua wanaoingia viwandani, na mchana nikiitwa kufua nguo South B, naenda. Nakuandikia kuhusu kifungua mimba wangu, msichana aliyeingia Gredi ya 10 mwaka huu katika shule ya kutwa ya Kikatoliki hapa Nairobi. Jina la shule sitalitaja, na langu naomba ulifiche.

Shule yenyewe ni nzuri, sitaki mtu asome hapa adhani nimekuja kuisema vibaya. Masista walimpokea binti yangu vizuri. Kuna mfadhili anayelipa karo karibu yote kupitia ofisi ya shule, mimi nasukuma nauli na chakula cha mchana. Tangu aingie amebadilika. Anasoma somo la kwanza kwenye Misa ya shule, amejiunga na YCS, chama cha wanafunzi Wakristo, na usiku ndiye anayetuongoza Rozari hapa nyumbani hata wadogo zake wakisinzia. Mwaka huu anafundishwa kwa ajili ya Kipaimara.

Muhula huu YCS wameandaa siku ya huduma kwa jamii. Wazazi tukaletewa barua: kila msichana aje na pakiti mbili za unga wa ugali, sukari kilo moja, sodo pakiti moja, na shilingi 500 za basi na fulana. Fulana itakuwa na jina la shule mgongoni na maneno ya Injili kifuani, "Mlinitendea mimi". Mahali wanapokwenda pameandikwa chini kabisa: Mukuru Kayaba.

Binti yangu alinipa ile barua bado amesimama mlangoni na begi mgongoni. Akaingia nyuma ya pazia, akabadilisha nguo, na hakusema kitu mpaka tukamaliza kula.

Uelewe kwamba shuleni hawajui anakaa huku. Hakuwadanganya. Jioni anapanda matatu moja na wenzake, wote wanashuka pale kwenye maduka ya South B. Wenzake wanaingia kwenye nyumba zao za ghorofa. Yeye anasimama kwenye kibanda cha mitumba kama anayechagua kitu, wakishapotea ndipo anateremka kuja huku. Wao wakaamua wenyewe kwamba ni mtoto wa South B. Hajawasahihisha, na mimi sijamwambia awasahihishe, maana najua wasichana wa umri huo walivyo na midomo.

Nilimtuliza. Nikamwambia ni siku moja tu, utavaa fulana kama wenzako na utapita kama wenzako. Nikaenda dukani nikakopa unga na sukari. Alhamisi ile ile kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, mwenyekiti wetu akasema kuna shule inakuja na parokia imeombwa majina ya familia zenye shida zaidi. Akayasoma. La kwangu lilikuwa la nne. Sina kinyongo naye, alifanya kwa upendo, anajua kodi ya miezi miwili inanidai.

Sasa angalia, Mwalimu. Nimekopa unga dukani, mwanangu aupeleke shuleni, shule iupakie kwenye basi, halafu yeye mwenyewe aulete mlangoni kwangu, nami nisimame pale niseme asante huku tunapigwa picha. Na picha zipo. Barua inasema zitawekwa kwenye Facebook ya shule.

Nilipomweleza habari ya orodha alilia. Akaniuliza, "Kwani mama, sisi ndio wale maskini wanaoombewa kwenye maombi ya waamini?" Sikupata la kumjibu. Amesema haendi, siku hiyo atakuwa mgonjwa. Lakini mwalimu mlezi wa YCS ametangaza kwamba asiyefika hatatiwa sahihi kwenye kadi ya Kipaimara, na kwamba hata alama za Huduma kwa Jamii, ambalo siku hizi ni somo, zitatoka hapo hapo.

Ajabu ni kwamba huyu mtoto si mvivu wa kusaidia watu. Mlango unaofuata kwenye ploti yetu anakaa bibi mmoja mzee ambaye macho yamepungua sana. Kila jioni binti yangu anamchotea maji mtungi mmoja, na dawa za bibi yule za presha na za sukari yeye ndiye anayezipanga. Amekata pembe za karatasi ya vidonge vya asubuhi ili bibi avitambue kwa kidole. Hakuna aliyemtuma.

Dada yangu ananiambia nimlazimishe, ati mtoto anayesomeshwa na watu hana ruhusa ya kuchagua. Mwenyekiti naye anasema nikiondoa jina langu majirani watasema najivuna. Mimi naogopa nikienda shuleni kulalamika, ufadhili unaweza kukatika. Nimlazimishe? Nimfiche nyumbani siku hiyo? Au niende, na kama ni kwenda, niende kwa nani?

Mama wa Kayaba

*

Milele na milele, mama. Amina.

Usimlazimishe, na usimfiche. Nenda shuleni kabla ya siku hiyo, umwone padri wa shule, na nitakuambia namna ya kumwendea. Lakini kwanza tumalize lile swali la binti yako, kwa sababu linahitaji jibu lake kabla ya mambo ya kadi na alama.

Mwambie ndiyo, wanaombewa, na si wao tu. Kwenye maombi hayo hayo ya waamini anaombewa Baba Mtakatifu, wanaombewa maaskofu na mawaziri wetu, na sijasikia hata mmoja wao akilia kwamba amevunjiwa heshima. Kuombewa hakumshushi mtu. Nadhani hata yeye analijua hilo, na kinachomuuma ni kingine: kutazamwa. Anajua jinsi wenzake watakavyotazama mabati, mtaro ulio katikati ya ploti, choo cha watu wengi, na anajua watakachosema ndani ya basi wakirudi, kwa sababu akiwa shuleni anawasikia wakiongea. Msichana wa miaka kumi na tano au kumi na sita hawezi kuvaa fulana, akashika pakiti ya unga, na akajitazama mwenyewe kwa macho hayo mbele ya mama yake. Hata mimi nisingeweza.

Nimekuwa mlezi wa YCS kwa miaka mingi kabla sijastaafu, basi niruhusu niseme na walimu wenzangu kidogo kupitia barua yako. Chama hiki kina njia yake ya kufanya kazi na kila mwanachama huimbishwa tangu siku ya kwanza: Ona, Amua, Tenda. Njia hiyo ilitoka kwa Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyezaliwa katika familia ya wafanyakazi, akaanzisha chama cha vijana wa viwandani mwaka 1925, na mwaka 1965 Papa Paulo VI akamfanya kadinali. Cardijn hakuamini kwamba kijana wa kiwandani ataokolewa na msomi anayekuja kumhubiria Jumamosi kisha akarudi kwake. Alisema mtume wa kwanza wa mfanyakazi ni mfanyakazi mwenzake. Tafsiri ya jambo hilo kwa Kayaba ni rahisi: mtume wa kwanza wa Kayaba katika shule ile ni binti yako, na ndiye mtu pekee ambaye hajaulizwa.

Shule imeruka Ona, imeruka Amua, imefika Tenda na basi limeshakodiwa. Laiti wangetuma wasichana wawili na mwalimu waje wakae na jumuiya yenu Alhamisi moja, wasikilize tu, wangeambiwa mambo. Huenda mngewaambia habari ya mitaro inayoziba mvua ikianza, au watoto wa darasa la chini wasio na mahali pa kufanyia kazi ya shule jioni, au wazee kama yule bibi ambao dawa wanazo ila hakuna wa kuwasomea. Unga nao ungetajwa, kwa nini usitajwe, njaa ipo. Ila usingekuwa wa kwanza na wa mwisho.

Hata lile somo la Huduma kwa Jamii, ambalo wanafunzi wote wa Gredi ya 10 wanalisoma kwa lazima, halikutungwa kwa ajili ya kugawa unga. Mwanafunzi anatakiwa atambue tatizo lililopo katika jamii, apange namna ya kulishughulikia pamoja na watu wenyewe, afanye, kisha aeleze amejifunza nini. Soma tena ulichoniandikia kuhusu bibi wa mlango wa pili. Kuna mzee asiyeona, kuna dawa mbili zinazofanana karatasi, kuna hatari ya kunywa ya jioni asubuhi, na kuna msichana aliyefikiria akachukua mkasi. Mwalimu yeyote anayejua somo lake akipewa habari hiyo imeandikwa vizuri kwenye kurasa mbili, hana budi kuipa alama. Mimi ningempa nyingi.

Sitaki uone kwamba namtukuza mtoto wako ili ufurahi. Papa Fransisko alipokuja Kenya, tarehe 27 Novemba 2015 alikwenda Kangemi, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na pale hakuwaambia watu wa mtaa ule kwamba amekuja kuwafundisha. Alizungumzia hekima iliyoko katika mitaa ya watu maskini: kugawana chakula na mwenye njaa, kumpa mgonjwa nafasi ndani ya nyumba yako, kuzika wafu kwa heshima, kuvumilia. Alisema mambo hayo hayana bei sokoni. Wengi tulikumbuka barabara zilizofungwa na vitenge vilivyouzwa. Hotuba yenyewe ilikuwa ikimzungumzia mtu kama binti yako na mtungi wake wa maji.

Na yale maneno ya kwenye fulana, kwa kuwa wameyaandika, wayasome mpaka mwisho. Katika Mathayo 25 wale walioambiwa "mlinitendea mimi" walishangaa. Wakauliza, Bwana, ni lini tulikuona una njaa tukakulisha? Hawakukumbuka hata siku yenyewe. Wangekuwa na picha kwenye Facebook wasingeuliza.

Nirudi kwako sasa, na niseme kuhusu Kipaimara kwa kifupi kwa sababu hapo hakuna mjadala mrefu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 889, inamtaka anayepokea Kipaimara na ana akili timamu awe amefundishwa ipasavyo, awe na moyo ulio tayari, na aweze kurudia ahadi za ubatizo. Basi. Haitaji saa za huduma wala siku ya basi. Parokia au shule inaweza kuwahimiza vijana watumikie wengine, tena ni vizuri sana, Roho Mtakatifu hatolewi kwa watu wakae navyo mfukoni vipaji vyake. Lakini kumnyima mtoto sakramenti kwa sababu hakufika Jumamosi fulani hakumo katika mamlaka ya mwalimu mlezi. Pengine alisema ili wasichana wasikwepe, walimu tuna tabia hiyo ya kutisha kwa kitu kikubwa ili tupate kitu kidogo. Padri akilisikia atalimaliza kwa sentensi moja.

Kuhusu picha, hapo una sheria ya nchi mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja ya hapa Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakuu wa shule wanaikumbuka sana hesabu hiyo. Sikuelezi haya ili uende ukawatishe, hata usiitaje faini kama hawajakulazimisha. Sema tu kwamba hukubali mtoto wako apigwe picha siku hiyo, na kwamba ungeomba nyumba za watu na wadogo waliomo humo wasipigwe pia. Mtoto wa Kayaba anayepokea sodo ana haki ile ile aliyo nayo mtoto wa shule anayeitoa. Hilo la sodo lilinikera, nikiri, nilipoisoma barua yako mara ya pili. Ni msichana gani anataka kukabidhiwa hicho hadharani?

Dada yako anakosea, na mwambie nimesema. Mfadhili analipia hesabu, Kiswahili na sayansi. Hakununua uso wa mtoto. Wafadhili wengi ninaowafahamu wangeona aibu wakisikia jina lao linatumiwa hivyo. Shukrani mtoto anayo, inaonekana kwenye daftari lake na kwenye Rozari anayowaongoza, wala hadaiwi aionyeshe kwa kusimama mbele ya kamera.

Mwenyekiti wa jumuiya naye ana lake la kweli na lake la kusahihishwa. Jina lako lisitoke. Una kodi ya miezi miwili na deni la duka, orodha ni ya watu wenye shida, na wewe una shida mwezi huu. Kulitoa ili ionekane huna ni kuwanyima wadogo chakula kwa ajili ya macho ya majirani. Ila mwambie hivi: vitu vyote viachwe kwenye ofisi ya parokia au kwa jumuiya, na ninyi wenyewe wa jumuiya mvipeleke jioni, mlango kwa mlango, kama mnavyofanya mtu anapofiwa. Jumuiya ndogo ndogo ziliwekwa kwa kazi kama hiyo tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua kuzikuza katika miaka ya 1970. Mnajuana. Mnajua nani anakula mara moja kwa siku na hasemi. Shule haiwezi kulijua hilo kwa saa tatu.

Usinielewe kwamba wasichana wale wasije kabisa. Waje. Wasije wakiwa sitini na fulana mpya, waje wachache, mara nyingi, mikono mitupu. Lejio ya Maria, chama cha waamini walei, wana kanuni ambayo watu wengi huishangaa: mwanalejio anayetembelea watu haruhusiwi kugawa msaada wa vitu. Anakwenda kukaa na mtu, kuongea, kusali kama mwenyeji anapenda, kumsaidia kazi. Aliyeieneza Lejio huku kwetu ni Edel Quinn, msichana wa Ireland aliyefika Nairobi mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, akazunguka Afrika Mashariki kwa gari bovu mpaka akafariki hapa hapa mwaka 1944. Kaburi lake liko Msongari. Hakuwa na cha kugawa, na watu walimkumbuka. Chakula kiwe na njia yake, kupitia kwa watu kama wa chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo ambao hupeleka bila kelele, na kutembeleana kuwe na njia yake. Mambo hayo mawili yakichanganywa ndipo mwenye nyumba analazimika kutabasamu.

Sasa kuhusu siri ya South B. Hukuniuliza, lakini nitasema kwa sababu itawasumbua baada ya siku hii kupita. Usimwambie asimame darasani ajitangaze. Hakuna anayedaiwa anwani yake, na kunyamaza kwake si uongo wa kupeleka kwenye kitubio kila mwezi kwa machozi. Lakini ana miaka mitatu katika shule ile hadi amalize Gredi ya 12, na kusimama kwenye kibanda cha mitumba kila jioni kwa miaka mitatu kunachosha roho. Mwulize kama kuna rafiki mmoja, mmoja tu, anayeweza kumleta nyumbani siku ya Jumapili akala chapati zako. Amchague yeye, wakati wake yeye. Akisema hakuna, liache, umuulize tena likizo.

Na nitakuambia jambo ambalo nina uhakika nalo kwa kuwaona wasichana wengi: katika shule yenye wafadhili, binti yako hayuko peke yake. Yuko mwingine anayeshuka Kangemi, na mwingine anayesema anaishi Buruburu na nyumba yao iko nyuma yake kabisa. Barua ile ya unga, sukari, sodo na shilingi 500 iliwafikia wote hao. Mama zao pia walikwenda dukani kukopa. Padri akilijua hilo, siku ya huduma inaweza kubadilika kwa ajili ya wengi bila jina la mtu kutajwa.

Basi nenda kwa padri wa shule. Nimemchagua yeye badala ya mwalimu mlezi kwa sababu mlezi ameshatangaza mbele ya wasichana, na mwalimu aliyetangaza ni vigumu kurudi nyuma mbele ya mzazi. Padri anaweza kumsaidia arudi bila aibu. Na mwalimu mkuu umwache kwanza, ukianzia kwake mambo yanakuwa kesi.

Kabla ya kwenda, mwambie binti yako unakwenda na utasema nini. Asikute tu habari imefika ofisini. Asipotaka umtaje bibi wa jirani, usimtaje.

Ukishakaa na padri, anza na shukrani, ni za kweli, kisha useme moja kwa moja: "Padri, sisi tunaishi Kayaba, na jina langu limo kwenye orodha ya watakaoletewa msaada. Mtoto wangu hawezi kuja kuniletea." Hapo nyamaza. Usieleze zaidi mpaka aulize, kwa sababu padri yeyote mwenye masikio ameshaelewa. Akiuliza unataka nini, mwambie unaomba binti afanye kazi ya kufungasha na kuhesabu vitu shuleni siku hiyo badala ya kuja, au huduma anayofanya kwa jirani yake ihesabiwe, na kadi ya Kipaimara isiguswe. Mwambie la picha. Mwambie kwamba jumuiya iko tayari kugawa vitu yenyewe, ila hakikisha umeshaongea na mwenyekiti, usije ukamwahidi kitu ambacho Kayaba hawakijui. Na kwa kuwa haya si maungamo, na hivyo hayafungwi na siri ya kitubio, mwombe waziwazi kwamba mlezi aambiwe tu binti ana ruhusa, sababu ibaki kwake.

Kuhusu hofu ya ufadhili: kama umeingia na ombi, bila kelele, sioni kwa nini uguswe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapoeleza kazi ya Kanisa linalofadhili shule za umma, inataja malezi ya kiroho na kuweka padri au mlezi wa kiroho, na padri huyo kazi yake ni pamoja na wazazi kama wewe. Lakini usiende Jumapili baada ya Misa, watu wanapopanga foleni kubarikiwa rozari na chupa za maji, hutasikika. Nenda siku ya kazi baada ya kuuza chapati, asubuhi kabla ya kipindi cha mapumziko, na karani wa ofisi akikuuliza shida yako mwambie umekuja kumwona padri kuhusu Kipaimara cha mtoto.